Siku Nzagamba Ilipovutwa Kwenda Kukatwa

Nyarugusu, Geita

Mayu wangu, Mama Kulwa,

Shikamoo. Nakuamkia mara ya pili, shikamoo, maana kwa nilichobeba leo moja haitoshi. Huko Maganzo mmeamkaje? Magoti yanasemaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa dereva wa Segese ilifika, au alijichua mwenyewe? Mtama umebeba? Mimi mwili mzima. Kikohozi cha vumbi la karasha kipo, kinakuja na kuondoka, na kile kidole kilichobanwa na jiwe kimeota kucha mpya, mbaya hiyo, hata mwenyewe siitazami. Kazi ni zilezile. Tunashuka duarani, kwenye shimo la dhahabu, tunapandisha mawe, karasha linasaga, kisha mwenye duara anatwambia mawe hayana kitu.

Shija mdogo wangu, wewe unayesoma, nakuomba. Soma yote. Usimpunguzie Mama maneno kwa huruma, nakujua wewe. Ukifika mahali pa kulia, lia, kisha endelea. Nimeandika barua kwa sababu kwenye simu nashindwa. Kila nikisikia Mama anauliza, "Doto, umekula?" naanza uongo, na uongo wenyewe una miaka sita.

Mama, Shija ameniambia umefunga mfuko. Eti yupo mtu mnadani amekwambia kamwona Kulwa Bukoba, amenenepa, ameoa, na wewe ukimaliza kuvuna unapanda basi ukamtafute. Usiende. Huyo mtu wa mnadani Mungu amsamehe. Kulwa hayupo Bukoba.

Najua utasema nini. Utafungua sanduku utoe ile karatasi ya ofisi ya meli. Naikumbuka siku ile Mjomba alipoisoma uani kwetu, wanawake wamekwisha kujifunga kanga viunoni, na mimi nimesimama pale pale penye kinu. Karatasi ikasema aliyezama ziwani ni kijana wako Doto. Ukainuka. Ukaniashiria kwa kidole ukasema, "Doto huyu hapa, ana miguu na kivuli. Hawa watu hawajui wanachoandika. Mwanangu wa meli ni Kulwa, na Kulwa hawajamtaja. Nendeni makwenu." Watu wakakunja mikeka wakaondoka. Matanga hayakuwekwa. Na mimi nikanyamaza, Mama, na huku nilikuwa najua.

Kosa halikuwa la ofisi. Lilikuwa letu sisi wawili. Unakumbuka Baba alipofariki, ng'ombe wakakosa mtu, Kulwa akaacha shule akaenda machungani, mimi nikamaliza kidato cha nne. Alipotaka kazi ya meli wakamwambia lete cheti. Hakuwa nacho. Mimi nilikuwa nacho na nilikuwa nakwenda kuchimba, na shimoni haulizwi mtu cheti. Akaja kwangu akacheka na lile jino lake, akasema, "Nikopeshe jina. Sura si tunayo moja?" Nikampa. Picha ilikuwa yangu na ilikuwa yake. Akaingia kwenye meli anaitwa Doto, akaandikwa Doto, akaitwa Doto asubuhi na jioni. Wewe tulikuficha kwa sababu ungetuchapa wote wawili na ukubwa ule. Alipokufa nikaogopa polisi kwa ajili ya cheti. Baadaye polisi wakanitoka moyoni, nikabaki nakuogopa wewe. Ulikuwa umesema yu hai, na uso wako ulikuwa umetulia. Nilikuwa mwoga. Hakuna neno lingine.

Sasa nikusimulie kilichonifanya niandike.

Huku ziwani kuna watu wanaojiita Wapenzi wa Meli. Usicheke. Ni watu wazima na akili zao, wanapiga picha za meli, wanajua kila moja ilianza lini na honi yake inaliaje. Anayewaongoza ni mwalimu mmoja wa shule ya msingi, Mwalimu Neema, mama wa makamo, anavaa miwani mbili, moja machoni na moja kichwani. Wana kundi lao la simu. Mimi niliingia humo miaka mitatu iliyopita bila kusema hata salamu. Nilikuwa natazama picha za Nzagamba tu, ile meli ya mizigo aliyofanyia kazi Kulwa. Nilikuwa naikuza picha kwa vidole natafuta mtu wa sitahani, nikijua fika simpati.

Mwezi uliopita Mwalimu akaandika kwamba Nzagamba imeuzwa kwa watu wa vyuma chakavu. Injini ilikwisha kufa siku nyingi. Ingevutwa kwa kamba kutoka Mwanza mpaka ufukwe mmoja mbele ya Nkome, ikatwe vipande. Akasema anayeipenda aje tuisindikize. Nikamwomba mwenye duara ruhusa, nikamwambia nina msiba. Akauliza wa nani. Nikasema wa ndugu yangu. Ndiyo mara ya kwanza nimeitamka hivyo, na nilimtamkia mtu asiyejali.

Tulikutana mwaloni Nungwe asubuhi, watu kama kumi na tano. Wamevaa nguo za kanisani, wengine na koti. Wavuvi wakatuuliza, "Nani kafa?" Mwalimu akawajibu, "Meli." Wakacheka, lakini ilipotokeza hawakucheka tena. Mama, ile meli ilikuwa kubwa bado. Ilikuja upande, imeegemea kidogo, kutu imeshuka kutoka kwenye madirisha hadi majini, na mbele yake kijiboti kidogo kinaivuta. Hakuna moshi, hakuna mtu juu. Wamama wa dagaa walisimama wakingoja ipige honi, kwa sababu zamani ikipita pale ilikuwa lazima ipige. Haikupiga. Honi ilikwisha kung'olewa ikauzwa peke yake. Basi Mwalimu akatoa simu, akatafuta sauti ya honi aliyoirekodi miaka hiyo, akainyanyua juu akaipiga. Ikatoka nyembamba, upepo ukaichukua. Mwalimu alilia wazi wazi na mimi sikuona aibu kumtazama.

Tulikuwa tumekodi mitumbwi miwili ya injini ya kuifuata. Nilipoingia kwenye mtumbwi nikakaa mkabala na mzee mmoja, Mjita, mfupi, ana kofia ya mabaharia imefifia. Akaninyanyulia macho. Akaushika ubao wa mtumbwi kwa mikono miwili.

"Doto," akasema. "Mungu wangu. Doto, wewe si ulikufa mbele ya macho yetu?"

Wote wakageuka. Mama, mtu akiniita jina langu huwa naitika, jina si umenipa wewe. Siku ile nililikataa. Nikasema, "Hapana, mzee. Mimi ni Kulwa. Pacha wake."

Sikujua jina linaweza kuuma mdomoni. Mzee akatoa pumzi, akanishika bega, akasema anaitwa Bwire, alikuwa mkubwa wa mabaharia wa sitahani, na Doto alikuwa kijana wake. "Alikuwa anakusema wewe kila siku," akaniambia. "Kulwa wangu yuko Nyarugusu, Kulwa wangu ndiye mwenye akili, mimi nimebahatisha tu cheti." Akacheka. Nami nikacheka, nifanye nini. Ndugu yangu alikuwa anajisifu kwa mgongo wangu na kunisifu kwa mgongo wake, hata mwenyewe sijui nani alikuwa nani.

Tukaenda nyuma ya meli ile polepole, kwa sababu kijiboti kile kilikuwa hakina haraka. Mzee Bwire akanisimulia bila kuulizwa. Ilikuwa mchana, mvua ya ghafla, zile za ziwani. Turubai la mizigo lilifunguka, Kulwa akaenda kulifunga, wimbi likapanda sitahani likamchukua na kamba mkononi. Walimrushia boya. Boya likaenda huku, yeye akapelekwa kule. Meli ikageuzwa. Walimwona. Nakuandikia hili ujue hakuachwa, Mama, walimwona na walijitahidi.

"Alikuwa anapiga kelele," Mzee Bwire akasema. "Tulimsikia vizuri. Hakuita msaada. Alikuwa anaita jina lako. 'Kulwa! Kulwa!' Tukimwita, 'Doto, shika boya,' yeye anajibu, 'Kulwa! Kulwa!' Tukasema, hawa mapacha, anamwita mwenzake. Kisha akanyamaza. Nimekaa miaka yote nikiomba nikuone nikwambie: ndugu yako alikufa akikuita."

Nikamwambia ahsante, mzee. Nikageuza uso upande wa maji.

Hakuwa ananiita mimi. Wewe unajua na mimi najua. Kwa mabaharia alinitaja Kulwa ili kuficha, lakini kuniita mwenyewe hivyo hakuwahi tangu tuko tumboni. Alikuwa anawaambia yeye ni nani. Walikuwa wanamwita Doto, na yeye anawakatalia. Alikubali kuishi kwa jina langu, kula kwalo, kulala kwalo, lakini alipoona anakwenda hakutaka aende kwalo. Akataka wewe upate habari ya kweli. Aliisema kwa pumzi aliyobaki nayo, wakaisikia watu wanane, na hakuna hata mmoja aliyeielewa. Mimi niliyekuwa naweza kuielewa nilikuwa chini ya ardhi nachonga mwamba.

Nililia, Mama. Nililia kama mtu mwenye ruhusa. Mzee Bwire akanipigapiga mgongoni akisema, "Pole, Kulwa, pole," na kila akisema hivyo ndivyo nilivyozidi.

Walipoifikisha ufukweni waliisukuma kwenye mchanga, ikalalia ubavu mmoja, ikatoa mlio mrefu wa chuma. Wakataji walikuwa tayari na mitungi yao ya gesi. Msimamizi wao alikuwa mtu muungwana, alituruhusu tupande tuage kabla hawajaanza. Wengine walikwenda chumba cha nahodha. Mzee Bwire akanipeleka chini, mahali walipokuwa wanalala. Kitanda hakipo, kimebaki chuma. Ukutani pameandikwa kwa rangi nyeupe DOTO, ile D imegeukia nyuma. Unamkumbuka na zile D zake. Niliweka kiganja hapo. Chuma kilikuwa cha moto kwa jua.

Msimamizi aliniuliza kama nataka nikatiwe kipande kile niondoke nacho. Nikakataa. Niliokota msumari sakafuni, nikapiga magoti, nikachora kwenye kutu chini ya ile rangi, herufi kubwa: KULWA. Akaniambia, "Ndugu, unajichosha. Hii yote inakwenda kuyeyushwa." Nikamwambia najua. Nikamaliza mpaka A, nikatoka, na nilipofika kwenye mchanga walikuwa wamekwisha kuwasha moto. Yaliyofuata sikuyatazama. Mwalimu Neema alibaki anapiga picha mpaka simu ikazima.

Mama, sasa nasema wazi, Shija asome pole pole. Aliyekufa majini ni Kulwa. Amekufa miaka sita iliyopita, mchana, wenzake wakimwona. Ile karatasi ni yake. Jina tu ndilo langu.

Mwambie Mjomba aite watu. Najua ni ajabu kuweka matanga miaka sita baadaye, na majirani watasema sana, waache waseme. Wanawake waje na mikeka yao. Padri akubali asikubali, litajwe jina lake mbele ya watu, Kulwa mwana wa Mama Kulwa, na unyolewe nywele kama mama aliyefiwa, kwa sababu ndivyo ulivyo, na mimi ndiye niliyekunyima haki hiyo. Ukitaka kunilaani, nilaani baada ya matanga. Jumamosi nakuja. Nitapitia kwanza ofisi ya meli niwaambie habari ya cheti, wakinishika wamenishika. Wakiniacha, nitafika uani nisimame pale pale nilipokaa kimya, na safari hii utaniuliza mbele ya watu, nami nitajibu.

Msalimie Mjomba, umwambie anisamehe kwa kumfanya asome uongo kwa sauti kubwa. Msalimie Shangazi wa Mwadui anayeniombea. Shemeji, mume wa Shija, nampa pole kwa kazi ya kuwabembeleza nyote wawili leo. Watoto wa Shija wapakatwe. Jirani yetu muuza maziwa naye nimemkumbuka, mkamwite aje akae na Mama barua ikiisha. Shija, usimwache peke yake.

Wabeja mayu, asante kwa kunizaa wa pili. Wa kwanza umlilie.

Ni mimi mwanao uliyebaki naye,

Doto