30031 Ukutani

Buhongwa, 3 Machi 2025

Shangazi Teodora,

Shikamoo. Mimi mzima, naamini nawe u mzima huko Kamanga.

Jumamosi tarehe 15 ni siku ya hisabati hapa shuleni, na wageni watakuja. Baada yake mkuu wa shule ataamua nani kati yetu walimu wa kujitolea abaki. Nimeandika ukutani kwa rangi ya mafuta: 30031 NI NAMBA TASA. Nilizidisha 2, 3, 5, 7, 11 na 13, nikaongeza moja. Ukigawa kwa yoyote kati ya hizo, inabaki moja, kwa hiyo haigawanyiki. Naomba uyapitie maelezo hayo, kama ulivyokuwa ukinisahihishia madaftari zamani.

Mwanao, Nestory

Kamanga, 12 Machi

Mwanangu Nestory,

Marahaba. Sisi wazima, mvua zimeanza.

Umeziuliza namba sita tu, baba. Tasa nyingine zote, hadi 173, hukuzigusa; zaidi ya hapo hakuna haja, maana tasa inayofuata ikizidishwa kwa yenyewe inapita namba yako. Niliona kazi ni ndefu, nikaipeleka kwa akina mama wa kwaya tulipokuwa tunapalilia mahindi ya mwenzetu Rose. Unajua tunavyopalilia: kila mtu na kipande chake, anayemaliza anamsaidia mwenzake. Tasa tukagawana vivyo hivyo. Ng'washi alipewa 59, akarudia mara tatu akilalamika kwamba amekosea, maana hapati baki. Hakukosea. Ni 59 mara 509.

Rose anavuka na kivuko, nampa barua hii. Futa ukuta, mwanangu.

Shangazi yako, Teodora

Buhongwa, 18 Machi

Shangazi,

Shikamoo, wewe na kwaya nzima. Natumaini hamjambo.

Barua ilinifikia Ijumaa jioni. Rangi ya mafuta haifutiki haraka hivyo. Kesho yake wageni waliketi wakiutazama ukuta ule ule. Nikawaambia wanafunzi, "Ukuta huu unadanganya, na aliyeuandika ni mimi. Nani atanionyesha kosa?" Nikawagawia tasa, kila dawati na yake, kama mlivyofanya shambani. Mgeni wa wilaya naye akaomba kalamu, akapewa 61. Dawati la Queen ndilo lililopata 59, na darasa zima likasimama.

Mkuu amenibakiza. Amekataza ukuta usifutwe. Queen ameandika chini yake 59 × 509. Bila ninyi ningewasifia wageni uongo. Nawashukuru akina mama mmoja mmoja, na wewe kuliko wote.

Mwanao, Nestory

Kamanga, 24 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Hatujambo kabisa.

Barua yako niliwasomea baada ya mazoezi ya kwaya, Ng'washi akataka irudiwe. Sasa wameongeza 17 kwenye kuzidisha, wakaongeza moja, sasa wanaigawa 510511. Usiwaambie jibu.

Unanishukuru, lakini nami nina la kwangu. Tangu nistaafu, kila anayeniandikia ananiuliza afya tu. Wewe uliniuliza hesabu. Siku ile nililia kidogo kwa furaha, ndipo nikatafuta kalamu. Asante sana, Nestory.

Shangazi yako,
Mwalimu Teodora