Maduhu, Hatujanyoa Bado

Mwanangu Maduhu,

Mwangaluka. Sisi wa hapa Nkololo tupo. Baba yako anakusalimu, mguu bado unamsumbua, na tangu kile kiwanda cha pamba kifungwe amekuwa mtu wa kukaa tu. Mkeo Kabula anakusalimu, yuko shambani. Mwanao Limi anakusalimu, ameanza kutembea, anaangukaanguka kama ndama. Sengi yako, dada wa baba yako, yeye hakusalimu. Anasema namwandikia mtu asiyekuwepo. Mimi sijambo, ila moyo haujatulia.

Unakumbuka mwaka ule nilipokuweka uamie ndege kwenye mtama? Nilirudi kutoka kisimani nikakuta kwelea wamemaliza shamba, na wewe umelala chali chini ya mgunga unatazama ndege anavyofuma kiota. Ukaniambia, "Mayu, nyamaza, utamfukuza." Kumnyamazisha mama yako! Nilikuchapa mpaka baba yako akanishika mkono. Mwaka ule tulikula mlenda mtupu. Kumbe ulikuwa unajifunza kazi.

Halafu likaja hili soko huria. Wanunuzi binafsi wa pamba wakajaa Bariadi na malori yao, na wewe na kamera yako ukawa unawapiga picha wamesimama juu ya marobota. Hapo ndipo yule mtaalamu wa ndege alipokuona, akakutaka uende kisiwa cha hifadhi huko baharini, upige picha za ndege wanaotaga. Baba yako alikataa. Mimi ndiye niliyesema, "Mwache mtoto, mwaka mmoja si mwingi." Mimi ndiye niliyekufungia michembe ya viazi ya njiani.

Ukaandika kwamba ndege hao wanaitwa membe, wanataga mchangani bila kiota, na mtu akitembea lazima aangalie anapokanyaga. Kabula alicheka sana. "Mume wangu sasa anatembea kama mwizi wa kuku!" Ukaandika pia kwamba hata maji ya kunywa mnaletewa na boti, mara moja kwa mwezi.

Boti hiyo ndiyo aliyoisikia sengi yako redioni, dukani Bariadi. Walisema imezama na watu wa kisiwa cha ndege. Majina hawakusema.

Wiki ya tatu baada ya habari hiyo ikaja bahasha yako. Nilipiga vigelegele mpaka majirani wakaacha kupalilia pamba zao. Nikachinja jogoo. Ndani mlikuwa na picha moja, mayai matatu mchangani, na kivuli chako kimeyafunika, umeinama na kamera. Tukiwa tunakula, mwalimu jirani yetu akaigeuza bahasha, akaacha kutafuna.

"Mama Maduhu, mhuri huu wa posta ni wa kabla ya boti kuzama."

Hakuna aliyemaliza nyama ile.

Sengi yako akaishika picha. "Wifi, mtu mzima ametuma kivuli. Unataka akuambie mara ngapi?" Nikamnyang'anya.

Sasa ni miezi saba. Ukoo umekaa, wanataka tunyoe nywele, tukae matanga yaishe. Lakini Kabula akinyolewa ni mjane, wazazi wake watakuja kumchukua wampeleke kwao Bukundi, na Limi ni wa ukoo, atabaki hapa bila mama. Juzi sengi yako alikuja na wembe na beseni la maji. Kabula alikuwa ameshavua kitambaa, amekaa chini, ametulia tu. Nikakaa mbele yake. Nikasema, "Anzeni na mimi. Lakini atakayenigusa aniambie kwanza mwanangu amelala wapi."

Sengi yako akamwaga maji. "Unamfunga mtoto wa watu, wifi."

Kabula alifunga kitambaa chake akarudi kuchuma pamba. Hakunishukuru. Labda nakosea, mwanangu. Namwona anavyokonda. Wamenipa muda mpaka pamba iishe shambani, na imebaki ile ya kando ya mto tu.

Ukiipata barua hii usingoje boti ya mwezi, mpe jibu yeyote anayevuka. Andika "nipo", basi. Na kama imefunguliwa na mtu mwingine, wewe uliyeishika, usinihurumie. Niambie kama maji yalimrudisha na mlimzika wapi, ili tukinyoa tuwe tunajua. Andika upesi, hata leo.

Ni mimi, mayu wako.