Swichi ya Mzee Salvatory

Jumatatu, 3 Machi 2025

Nimerudi karakana. Mwezi na nusu toka vidole vyangu viwili viende — cha shahada na cha kati, mkono wa kulia. Naandika kwa kushoto, maandishi kama ya chekechea. Potelea mbali, msomaji ni mimi.

Mzee Salvatory, mwenye karakana, kanipa kazi ya kuandika vipimo vya wateja. Daftari hilihili: nyuma vipimo, mbele mambo yangu. "Nimekuonea huruma, binti," kasema mbele ya mafundi wote. Huruma! Sikumpa shikamoo. Kaisubiri weee, haikuja.

Kava la kukinga meno ya msumeno wa umeme bado liko kwenye benchi. Wanalitumia kuwekea misumari.

Jumatano, 5 Machi (Majivu)

Kanisani na mama. Nyuma yetu Mama Odilia ananong'ona eti nilikatwa kwa sababu nilikuwa nachezea simu. Simu! Kaambiwa na nani kama si Mzee? Mtaa wetu wote wa Mlabani sasa unaimba wimbo huo: wanawake na mashine wapi na wapi.

Naandika ilivyokuwa, nisije nikaanza kuamini uongo wao. Tarehe 16 Januari umeme ulikatika. Sisi pale tuna desturi: umeme ukikatika, swichi haizimwi. Ukirudi, msumeno unavuma wenyewe, tunausikia hata tukiwa kwenye chai, tunarudi kazini. Chuoni walitufundisha: zima, chomoa plagi, ndipo uguse meno. Nilivyowaambia siku ya kwanza walicheka mpaka machozi. "Hayo ya chuo, dada. Hapa Ifakara."

Siku ile utomvu wa mbao mbichi za mtiki ulikuwa umeziba meno ya msumeno. Mzee kasimama pale kwenye swichi. Nikamuuliza, Mzee, umezima? Akasema nimezima, we safisha. Hakuzima! Umeme ukarudi.

Mama anasema nimsamehe, ni Kwaresima. Nimemwambia nitafunga nyama tu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemvuta Mzee pembeni. Nikamwambia, sema ukweli mbele ya mafundi, basi, yaishe. Sitaki kingine kwako. Kaniangalia juu mpaka chini. "Kwani nikisema vidole vitaota, Paskazia?" Akacheka. Akacheka!

Sawa. Tutaona nani atacheka.

Jumanne, 11 Machi

Umeme ukikatika hakuna fundi anayesogelea ule msumeno siku hizi. Fundi Evod anasema una mkosi. Mkosi, wakati anajua kabisa ni swichi! Kwa hiyo Mzee anasafisha meno mwenyewe. Mabenchi ya parokia yanatakiwa kabla ya Jumapili ya Matawi, mtiki wenyewe bado mbichi, unaziba kila saa. Na kwa mvua hizi umeme unakatika kila siku.

Na mimi nakaa wapi? Kwenye kigoda, kwenye nguzo ya swichi. Kaniweka pale mwenyewe!

Leo ulikatika mara mbili, na mara zote mbili nikazima. Mazoea tu. Nimejitukana njia nzima hadi nyumbani. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu — basi naye auonje.

Alhamisi, 13 Machi, hapahapa karakana

Umeme umekatika saa nne na robo. Mafundi wameenda chai kwa Leticia. Tumebaki wawili.

Sikugusa swichi. Imewashwa. Plagi iko chini kwenye ekstensheni, karibu na mguu wangu.

Mzee kavaa miwani, kainama, anakwangua utomvu kwenye meno. Mkono wa kulia. Cha shahada na cha kati, vilevile! Mimi najifanya naandika vipimo vya mabenchi.

 

Kauliza bila kugeuka: Paskazia, umezima?

Naandika kwanza. Jibu ninalo toka Januari, ni neno moja tu, tena ni lake mwenyewe. Nimelirudia kitandani usiku ngapi! Na sasa nimelitafuna wee, halitoki.

Kauliza tena. "Mwanangu, umezima?" Toka nimjue hajawahi kuniita mwanangu.

Vidole hajavitoa. Hata hasubiri jibu, anaendelea kukwangua. Mpumbavu huyu, ananiamini! Kama nilivyomwamini mimi.

Mguu wangu uko kwenye waya wa plagi, nikivuta tu inachomoka. Sijui umefikaje. Mdomo bado nimeufumba.