Darubini Mbili na Kikohozi Kimoja

Kwa Shangazi,
Jumapili mchana.

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mpe na Mama shikamoo yake, ingawa najua yuko hapo hapo kibarazani anapepeta mchele huku wewe ukimsomea kwa sauti, kama mnavyofanya kila barua ikifika. Mimi ni mzima kabisa. Shangazi naye ni mzima, isipokuwa kidole alichojidunga kwa sindano ya cherehani wiki mbili zilizopita, ambacho hupona asubuhi na kuanza tena kuuma vyombo vinapotaka kuoshwa. Ninyi je, hamjambo? Goti la Mama linaendeleaje? Na yule kuku mweupe, ameacha kutaga ndani ya buti lako?

Masomo yanakwenda vizuri. Katika mtihani wa fizikia nimekuwa wa tatu. Mwalimu alisema ningekuwa wa pili kama si tabia yangu ya kuandika majibu marefu kuliko maswali, kwa hiyo naomba mnivumilie na barua hii.

Sasa nije kwenye kazi uliyonituma. Uliniagiza darubini ya kuwindia ya bei ya kati: si zile za vibandani ambazo hufa siku ya pili, wala si zile ambazo mtu akiziuliza bei hupewa kwanza kiti cha kukalia. Ukasema iwe ya kukuza mara kumi, kwa sababu yako ya zamani inakuza mara nane tu na vioo vyake vimekufa. Hiyo ya zamani ukanipa niipeleke dukani, labda wangeipokea na kutupunguzia bei.

Jana asubuhi tulikwenda, Shangazi na mimi, kwenye duka la saa na kamera lililo nyuma ya posta. Ni duka jembamba kama korido. Saa za ukutani ziko zaidi ya ishirini na kila moja inasema lake. Mwenye duka ni mzee mrefu, mpole, ambaye alikuwa anaitafuta miwani yake ya kusomea mezani na hali imekaa kwenye kipaji cha uso. Aliponiuliza jina, Shangazi aliniwahi akasema naitwa Kikohozi. Yule mzee akavisogeza vioo vyake mbali nami kidogo. Basi ikabidi Shangazi amweleze kisa chote, jinsi nilivyokufuata mawindoni asubuhi moja nikakohoa mpaka nguruwe mwitu mkubwa akakuponyoka, na jinsi jina hilo lilivyonigandia nyumbani na mtaani. Walicheka wote wawili. Mimi pia nilicheka, kwa adabu.

Alitutolea darubini tatu. Ya kwanza ilikuwa ya bei ya chini na ilinuka gundi. Nilipotazama paa la mashine ya kusaga ng'ambo ya barabara, ukingo wa bati ulikuwa na mstari wa zambarau ambao haupo, na baada ya dakika moja macho yaliniuma kama niliyekuwa nakata vitunguu. Hiyo tukaiacha. Mbili zilizobaki zilikuwa za bei ya kati, za kampuni moja, sawa kwa umbo na rangi. Moja inakuza mara kumi, nyingine mara nane, na vioo vya mbele vya zote mbili vina upana wa milimita arobaini na mbili.

Shangazi aliinyakua ya kumi, akasimama mlangoni na kutangaza kwamba hii ndiyo darubini ya mwanamume, kwamba anamwona askari wa barabarani mpaka kifungo kilichokatika, na kwamba aliyekishona mara ya kwanza alikuwa fundi wa ovyo. Nilipoishika mimi, namba zilizoandikwa kwenye tangi la maji juu ya benki zilikuwa kubwa kweli, lakini zilicheza. Mwenye duka akasema darubini haikuzi mnyama peke yake, inakuza na mtetemo wa mikono, na mtu aliyetoka kupanda kilima moyo ukimdunda atamwona mnyama akicheza ngoma. Ya nane ilitulia.

Kisha nikamwomba ruhusa niingie stoo yake, ambayo haina dirisha, maana nguruwe hutoka kunapopambazuka na kunapoingia giza, si saa tano ya asubuhi mbele ya benki. Nilijaribu kusoma maandishi ya maboksi kwenye rafu ya mwisho. Kwa ya nane niliyasoma. Kwa ya kumi nilikisia. Hapo nikakumbuka somo letu la mwanga: ukigawanya arobaini na mbili kwa nane unapata tano na ushei, ukigawanya kwa kumi unapata nne na ushei, na hizo ndizo milimita za upana wa mwanga unaofika kwenye jicho. Nilimweleza Shangazi hesabu hiyo pale pale, akaniambia nisimtie aibu mbele ya watu.

Niliivaa ya nane shingoni nikatembea nayo dukani robo saa nzima, wakati Shangazi akibishania bei, ili nijue kama mkanda unakata. Haukati. Haiingizi maji wala vioo havipati ukungu kwa ndani. Na mipira ya machoni inakunjika chini, ili hata mtu mwenye miwani aone picha nzima. Mnaweza kujiuliza kwa nini niliangalia jambo hilo, wakati nyumbani kwetu hakuna mwenye miwani.

Baba, hapa ndipo ninapokuomba uache kusoma kwa sauti. Mwambie Mama koo limekukauka, akuletee maji. Akiinuka, endelea kimya kimya. Shangazi alitaka nikupigie simu, lakini kwenye simu wewe husema sawa, sawa, kisha unakata, na maneno haya hayawezi kuishia kwenye sawa.

Mwenye duka aliichukua darubini yako ya zamani akaipeleka kwenye meza yake ya ufundi. Aliifungua, akaimulika, akaipima, akaifunga. Alisema ni nzima kuliko yeye. Vioo havijafa, havina hata mkwaruzo wa maana, na yeye mwenyewe angeenda nayo porini kesho. Kisha akaiona ile alama nyekundu uliyoiweka kwa rangi ya kucha ya Mama, miaka sita iliyopita, kwenye pete ya jicho la kulia. Akaniuliza kama anayeitumia bado anaiweka pete kwenye alama hiyo. Nikamwambia hapana, siku hizi haikai hapo.

Unakumbuka jinsi ulivyogomba kuhusu pete hiyo. Ulisema ni kitambaa cha Mama cha kufutia vumbi ndicho kinachoizungusha. Mama akajibu kwamba pete anayoishughulikia yeye ni moja tu, ile uliyomvisha, na nayo inambana. Tulicheka siku ile. Lakini mimi nilikuwa nimekuona kibarazani, Baba, ukitazama kilimani na kuizungusha pete kidogo kidogo mpaka ikagoma. Aliyeiondoa kwenye alama ni wewe mwenyewe, ukitafuta kuona.

Yule mzee alinieleza kwamba pete ile ipo ili kusawazisha tofauti ya jicho moja na jingine. Ikiwa kioo hakijabadilika na pete imelazimika kwenda mpaka mwisho, basi kilichobadilika si kioo. Akauliza anayeitumia ni nani. Nikasema ni baba yangu. Akaanza kufuta lenzi ambayo ilikuwa tayari safi.

Sasa nikwambie jambo ambalo mpaka jana sikuwa nimemwambia mtu. Asubuhi ile tulipolala kwenye majani pembeni ya shamba la mwenyekiti wa wakulima, ulitazama kwa darubini ukaninong'oneza kwamba yuko pale kijitoni, mkubwa, mgongo umeinuka, pua iko matopeni. Ukanipa darubini ukainua bunduki. Mimi nilitazama. Ilibidi kwanza niizungushe pete, maana nilikuta ukungu mtupu, na ukungu ulipoondoka nikaona mgongo wa kahawia kama ulivyosema. Lakini ulikuwa na mkunjo wa kitambaa. Kisha nikaona mkono, na kijembe mkononi. Alikuwa ni jirani yetu mfinyanzi, Baba. Alikuwa ameinama anachimba udongo wa vyungu.

Nilitaka kusema jina lake na sauti haikutoka. Kilichotoka ni kikohozi. Basi nikakikamata hicho hicho, nikakohoa mpaka machozi, na yeye akasogea nyuma ya matete bila kujua lolote. Ulishusha bunduki ukanitazama kwa hasira, kisha ukacheka, na tulipofika nyumbani nilikuwa nimeshapata jina jipya. Sikuwa na mafua siku ile. Nilikohoa makusudi.

Na mfinyanzi naye huniita Kikohozi. Likizo iliyopita alinisimamisha njiani akaniuliza kama nimepona, akanipa kijungu kidogo cha kuchemshia dawa. Ninacho hapa juu ya meza, nimeweka kalamu ndani yake. Sijawahi kukitazama bila kuona mgongo ule.

Utaniuliza kwa nini nilinyamaza. Ni kwa sababu nyumbani kwetu wewe ndiye unayeona. Wewe ndiye unayemwona mwewe kabla vifaranga hawajalia, wewe ndiye unayemtungia Mama uzi kwenye sindano, na wakulima wote wanalala kwa sababu wanajua macho yako yako macho. Niliona nikisema, nitakuwa nimekunyang'anya kitu ambacho siwezi kukurudishia. Kwa hiyo nilikubali unikatalie kukufuata tena, nikawa nasikiliza tu unaporudi, kama viatu vyako vinatembea kama kawaida. Kisha nikaja kusoma huku. Na huku niliko, Baba, siwezi kukukoholea.

Sikukosa kulia nikieleza haya mbele ya mwenye duka, naye hakunizuia. Aliponiona nimetulia, alivuta kiti akanisimulia yake. Kwa miaka mitatu alikuwa akiwalaumu watengenezaji wa balbu, akidhani siku hizi wanatengeneza za kuficha mwanga. Alibadilisha balbu za duka zima. Mwishowe mkewe akampeleka hospitali ya hapa mjini, wakakuta ana mtoto wa jicho. Walimfanyia upasuaji mdogo, akarudi nyumbani siku ile ile na bandeji, na walipoifungua kitu cha kwanza alichokiona ni kwamba kuta za duka lake ni chafu. Alisema hivyo akicheka. Sijui kama jicho lako lina ugonjwa huo, mimi si daktari, huenda ni miwani tu inayohitajika. Ila daktari wa macho huwapo kila Alhamisi, Shangazi amekwenda kuuliza, na amesema utalala kwenye chumba cha cherehani ambako kuna kitanda kizuri kuliko chake.

Kwa hiyo sijanunua darubini. Ile ya nane imewekwa kando kwenye kabati la dukani, na mwenye duka ameifunga kijikaratasi kilichoandikwa Kikohozi. Anasema darubini ichaguliwe na jicho litakaloitumia. Nataka uje uichague wewe, ukinibishia kuhusu ya kumi, huku ukiniambia hesabu za darasani haziwindi. Nitafurahi sana kushindwa.

Mpaka siku hiyo, nakuomba sana bunduki ibaki kabatini. Mwenyekiti mwambie goti linakuuma. Mama atakuazima lake.

Najua hutaniamini kwa maneno matupu, na ni haki yako. Ndiyo maana nimeweka karatasi ya pili ndani ya bahasha, nimeikunja mara nne. Usiifungue. Mpe Mama aibandike kwenye mlango wa jiko wakati umegeuka. Simama penye tangi letu la maji, hatua ishirini kutoka mlango huo, ufunike jicho la kushoto kwa kiganja. Nimechora kwa wino mweusi kitu kimoja kilichoinama. Ni nguruwe au ni mtu. Nimechora vizuri, nimerudia mara tano mpaka Shangazi akakijua kutoka ng'ambo ya ua.

Ukikijua, niandikie kwamba mimi ni mwongo, na kabla ya wiki kuisha darubini ya kumi itakuwa njiani kuja kwako. Usipokijua, usimuulize Mama. Panda gari la Jumatano, nitakuja kukupokea kituoni. Ila usibahatishe, Baba. Wewe ndiye uliyenifundisha, kabla hujanifundisha hata kushika darubini, kwamba mwindaji habahatishi.

Mama akirudi na maji, mwambie nampenda, na umsomee zile kurasa za mwanzo tena kwa sauti, hasa habari ya kifungo cha askari. Nisalimie wote wa hapo, na mfinyanzi umsalimie mara mbili. Shangazi anakusalimu na anasema uje na mchele.

Ni mimi binti yako, ninayekusubiri Jumatano,

Kikohozi