Neno Kwenye Mlango wa Carina

Buyenzi, Bujumbura
23 Mei 1999

Mpendwa kaka Atumani,

Assalaam alaykum. Natumaini joto la Dubai halijakumaliza, na mgongo wako umepata nafuu. Sisi huku ni wazima, alhamdulillah. Mama anakula vizuri, anagomba vizuri, na juzi alikwenda msikitini kwa miguu yake mwenyewe. Siku nyingine tunasikia milio ya bunduki huko milimani, siku nyingine kimya. Asubuhi tunafungua milango.

Mzigo wako umefika. Hamimu aliupitisha Kigoma, akanikabidhi mkononi. Na maneno uliyomtuma nimeyasikia pia: nifunge garaji ya baba, nimchukue mama, tuhamie Kigoma kwa shangazi Khadidja. Nilipomweleza mama alikuwa anapepeta mchele, hakuinua hata macho.

"Mwambie Atumani apana," alisema. "Akiuliza tena, mwambie tena apana."

Jibu langu ni hilohilo. Usikasirike, soma kwanza.

Kile kichwa cha kung'arishia ulichotuma kimekubali mashine ya baba ya kupigia magari polishi kama vile vilizaliwa pamoja. Unaikumbuka mashine ile: inazunguka palepale kwa nguvu, ukizubaa rangi inaungua, na hata usipozubaa inaacha miduara inayoonekana juani. Ukikifunga kichwa hiki mbele yake, sponji inazunguka huku inayumbayumba, joto halikai mahali pamoja. Nilikijaribu kwanza kwenye mlango wa gari bovu. Nikawasha kabla sponji haijagusa mlango, polishi ikaniruka usoni na kwenye mtandio. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Mikono inakufa ganzi kwa mtetemo, lakini miduara hakuna, kaka. Hakuna kabisa.

Sasa nikueleze kilichotokea. Unamkumbuka Concilie, mama Nella, yule muuguzi aliyemhudumia baba hadi mwisho. Bado anakaa Gihosha. Mumewe Pontien aliuawa vita vilipoanza. Kuna vijana katika karitie yake, mtaani palepale, wanaotaka ahame, kwa sababu ya kabila lake, na kwa sababu nyumba yake ni nzuri. Walianza kwa kurusha mawe juu ya bati. Halafu, wiki ile ya harusi ya Nella, wakachukua ufunguo au sarafu, wakachora kwenye mlango wa gari, ile Carina nyeusi ya marehemu mumewe, herufi kubwakubwa: GENDA. Yaani ondoka.

Mtu mwingine angeifunika gari. Concilie aliiendesha hivyohivyo katikati ya mji, watu wanasoma, mpaka kwangu.

"Asiya, hii inaweza kutoka? Samedi mutoto wangu anatoka nyumbani kwangu kama bibi harusi. Hatatoka na hilo neno."

Nikapitisha ukucha juu ya herufi. Ukucha ukikwama, mkwaruzo umepita varnishi inayofunika rangi na mashine haisaidii tena. Uliteleza vizuri kote, isipokuwa kwenye D.

"D itabaki kidogo," nilimwambia. "Nyingine zote nitazifuta."

Kesho yake, kabla sijaanza, akaja Darius, yule mteja wetu wa Kinindo. Alikuja kuchukua gari yake, akaiona Carina, akanivuta pembeni.

"Rudisha hiyo gari. Walioandika wanataka neno lisomwe. We unaingia katika mambo yasiyokuhusu."

"Mi nafuta mikwaruzo. Ndiyo kazi yangu."

"Watakuja hapa."

"Waje. Waandike na kwenye mlango wangu. Mashine ninayo, nitafuta na huo."

Aliondoka bila kuaga. Kaka, nisikudanganye, niliogopa. Nilikunywa maji, kisha nikafungua mageti yote mawili, upande wa barabara, ili kila anayepita aone gari ni ya nani na nani anaifanyia kazi. Mama akaleta kigoda chake, akakaa palepale getini na tasbihi yake.

Nilikwenda polepole. Mashine ya baba peke yake ingenilazimisha kukimbia, ningeunguza rangi au ningeacha doa. Kwa kichwa chako niliweza kurudia mahali pamoja, nikafuta, nikatazama, nikarudia tena. G ilitoka, ikafuata E. Umeme ukakatika, tukaungoja, ukarudi. Mpaka alasiri neno lote lilikuwa limekwenda, isipokuwa mstari mwembamba wa D, ambao lazima uiname ndipo uuone. Nikamwambia Concilie ningeweza kuugusa kwa rangi ya brashi.

"Acha," alisema. "Nikiuona nitakumbuka waliniambia niende, nikakaa."

Jumamosi, ile samedi ya harusi, mimi na mama tulialikwa. Concilie aliendesha mwenyewe, Nella nyuma na shela lake, mimi pembeni ya dereva. Vijana wale walikuwa wamesimama kwenye kona. Concilie hakukanyaga mafuta. Alipunguza mwendo, akateremsha kioo. Mmoja wao aliinama kutafuta neno, akauona uso wake mwenyewe kwenye mlango. Nyuma yetu, kwenye gari la wageni, mama akapiga vigelegele. Geti moja likafunguliwa, na la pili. Majirani ambao hawakuwa wamemsalimu Concilie tangu Pasaka walitoka nje wakipiga makofi.

Vijana bado wapo. Concilie naye bado yupo. Darius hajarudi, na wateja wengine wamemfuata. Lakini Jumatatu alikuja Libère, jirani yake Concilie, na yeye ni wa kabila la wale vijana. Gari yake haina hata mkwaruzo.

"Ifanye tu," aliniambia. "Nataka wote waone imetoka kwako."

Kwa hiyo hatuji Kigoma. Badala yake tutafutie sponji nyingine, zile ngumu, hii moja inaanza kuchanika na kazi ipo.

Msalimie sana wifi Waridi, na ndugu Tajudini mkionana. Shangazi Khadidja nitamwandikia mwenyewe asituandalie chumba. Mama anakuombea riziki ya halali na usingizi mwema, na Mungu akurudishe huku ukute taa zetu zinawaka.

Dada yako akupendaye na asiyehama,

Asiya