Mwanangu, Niambie Nichimbe

Kwa mwanangu Mutwiri, uliyefungwa kambini,

Nakusalimu kwa moyo wote. Naandika Kiswahili hiki changu cha kuokotaokota kwa sababu wanaofungua barua zenu hawajui Kimeru. Nikikosea, nicheke tu.

Sisi tuko, lakini mvua ya mawe ilitupiga vibaya. Mawele yote yalilala chini, maharagwe yakawa matope. Serikali ikasema wakulima walioharibikiwa watapewa pesa za chakula na mbegu. Basi nikaenda kwa hedimani, mkuu wa kijiji, na dada yako mdogo Kanana mgongoni, maana siku hizi miguu yake haina nguvu.

Hedimani akaniuliza, "Shamba ni la nani?"

"Baba yake alipokufa lilibaki la Mutwiri."

"Basi aje achukue mwenyewe."

"Mzee, si ni nyinyi mlimpandisha lori?"

Watu kwenye foleni walicheka. Yeye hakucheka. Akainama karibu nami, akasema polepole, "Mama Mutwiri, sema amekufa. Ukisema hivyo shamba linakuwa lako, na unalipwa leo."

Mwanangu, mdomo ulikataa. Tukarudi mikono mitupu.

Njiani jirani yetu Mama Karimi akanigombeza. "Unalia njaa na kiazi kikuu cha mwanao kimejaa chini ya mti? Chimba!"

Yeye husema tu, anajua vile ilivyo kwetu. Kiazi kikuu ni cha mwanamume, yeye hupanda na yeye huchimba, mwaka hata mwaka. Nikionekana nachimba chako, kijiji kitajua hapa hakuna mwanamume tena. Hedimani hatangoja tena niseme umekufa.

Unakumbuka siku mlipokipanda na baba yako? Ulikuwa mdogo, kaptula inakuanguka. Nilipowaletea uji ukaniinulia mkono, udongo mpaka kwenye meno: "Mama, simama huko! Hii ni kazi ya wanaume!" Baba yako alicheka mpaka akaketi. Nami nikasimama huko kweli, nikijifanya naogopa. Halafu ukaja unywe huku nakushikia kibuyu, maana hukutaka kunawa ule udongo wa kiume.

Sasa kiazi kimetambaa mpaka juu ya mti. Asubuhi naenda, nagusa majani, narudi. Kanana ananiuliza, "Mama, kwani atakasirika?" Namwambia alale kidogo. Nitamwambia nini tena mtoto mwenye njaa?

Ndiyo nakuandikia. Nitumie neno moja: chimba. Ukiniruhusu nitachimba mchana, watu wote wakiniona, nikiwaambia mwenyewe amesema.

Barua zangu za nyuma hukujibu. Labda hamna karatasi. Labda mkono unauma. Nasema labda, labda, mpaka Mama Karimi anaangalia pembeni.

Na kama hutaki nikiguse, nikemee. Niandikie kwa hasira, useme mama gani huyu asiye na adabu, anaingilia mambo ya wanaume. Mwanangu, nitafurahi! Nitaibeba hiyo barua mpaka kwa hedimani, aisome kwa sauti mbele ya watu, wasikie jinsi unavyonigombeza.

Mungu akufunike huko uliko. Kanana anakusalimu.

Ni mimi mama yako, ninayeitwa Mama Mutwiri hata leo.