Mama Mkwe wa Apollo

Jinja, Jumatano

Mdogo wangu Beverlyne,

Huku mvua imezidi, lakini kuku wanataga. Majibu yangu ya kliniki yametoka. Mwaka umepita tangu waunguze vile vidonda vya mlango wa kizazi, na sasa kirusi kilichovisababisha hakionekani tena.

Uliniuliza nilimkwepaje mume wangu Apollo zile wiki sita nilizokatazwa kulala naye. Nilimwita mama aje kukaa, nikasingizia mgongo. Kwetu mkwe halali nyumba moja na mama mkwe, basi Apollo akalala kwenye lori lake. Mama hakuuliza kitu.

Jana nilimwambia tu kwamba na wewe umeitwa kliniki Mbale. Ameshafunga mzigo. Jumamosi atafika kwako Nabuyonga, kwa hiyo mwambie mumeo Nyongesa atafute pa kulala.

Dada yako,
Wilkista